Likizo ndefu Kagera: Kazi za kumfaa msomi zipo, wa kumpokea ndiye haba

Vyuo vikuu vinapofunga kwa likizo ndefu, mabasi ya kutoka Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza huingia Kagera yamejaa vijana wenye mabegi ya mgongoni na simu zilizoishiwa chaji. Baadhi hushukia Muleba mjini, baadhi Kemondo, wengine huendelea hadi stendi ya Bukoba. Wa Nshamba, Kamachumu na Rubya humalizia safari kwa bodaboda. Nyumbani hupokewa kwa matoke na maswali. Wiki ya kwanza msomi ni mgeni wa heshima. Wiki ya pili anatumwa sokoni kama zamani. Wiki ya tatu anaanza kuulizwa, kwa upole lakini kwa kurudiarudia, chuo kinafungua lini.

Watani hawachoki kuwaita wenyeji wa mkoa huu "nshomile", yaani waliosoma, na wenyeji hawalikatai jina hilo kwa nguvu sana. Wana sababu. Seminari ya Rubya, wilayani Muleba, ilianza mwaka 1904, na humo alipita Laurean Rugambwa, aliyefanywa Kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960. Chuo cha Ualimu Katoke, vyuo vya afya vya Ndolage na Rubya, chuo cha kilimo cha Maruku, VETA na kituo cha Chuo Kikuu Huria mjini Bukoba vyote viko katika eneo ambalo basi dogo hulizunguka kwa siku moja. Na sasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaleta kampasi yake Itahwa, kata ya Karabagaine, kupitia mradi wa kuboresha elimu ya juu unaogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425.

Elimu, basi, ipo. Ambacho hakijakaa sawa ni kile kinachotokea mwanafunzi akitoka darasani. Wengi huhesabu mambo mawili tu: kupumzika, au kwenda fildi kwenye ofisi ya mjini ambako hukabidhiwa daftari la mahudhurio, mashine ya kurudufu na kiti karibu na mlango. Wiki nane zinapita. Ripoti inaandikwa, msimamizi anasaini, mhuri unagongwa. Aliyejifunza kitu ni mwenye bahati.

Ajabu ni kwamba Bukoba na Muleba zimewahi kuwa uwanja wa kazi kubwa zilizofanywa na vijana wenye elimu ya kawaida kabisa, kazi ambazo matokeo yake yamesomwa hadi Geneva na Washington.

Mfano mkubwa kuliko yote ulianza mwaka 1991. Ukimwi ulikuwa umeishika Kagera pabaya. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa nchini walionekana mkoani humu mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage. Watafiti wa Benki ya Dunia na wa Muhimbili walitaka kujua nini hutokea katika nyumba mama au baba anapofariki: nani anaacha shule, shamba linauzwa au linasalimika, bibi analisha wajukuu kwa nini. Kaya 915 zilichaguliwa mkoani kote, zikatembelewa mara kadhaa hadi mwaka 1994. Kwa kila kaya lilibebwa dodoso nene lililouliza habari za mashamba, mifugo, magonjwa, ada, sukari na mafuta ya taa.

Kisha, mwaka 2004, ikaja kazi ngumu zaidi. Watu walewale walitakiwa kutafutwa tena. Miaka kumi ilikuwa imepita. Watoto walikuwa wamekuwa wazazi, mabinti wameolewa mbali, vijana wametawanyika Mwanza, Dar es Salaam na Uganda. Kampuni ya utafiti ya EDI, iliyoanzishwa Bukoba mwaka 2002 na mchumi Mbelgiji Joachim De Weerdt, ndiyo iliyosimamia msako huo. Kaya 915 za mwanzo zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 2,700. Walipatikana watu kutoka asilimia 93 ya kaya za awali. Mwaka 2010 wakatafutwa tena, na safari hii kaya zilizohojiwa zilizidi 3,300. Katika dunia ya takwimu, ile asilimia 93 ni kiwango ambacho nchi tajiri hukionea wivu, nacho kilipatikana kwa kuuliza kwa jirani, kwa shangazi, kwa mwenye duka, kwa katekista.

Kazi ya namna hiyo haifanywi na profesa. Inafanywa na kijana anayejua kupanda mlima wa Kamachumu akiwa na mafaili mgongoni, anayemwamkia mzee kwa Kihaya kilichonyooka kabla ya kugusa kalamu, anayejua kuwa mama akisema "tunakula vizuri" mbele ya shemeji yake, swali lirudiwe baadaye wakiwa wawili. Baadaye kampuni hiyo ilitengeneza hata programu yake ya kukusanyia takwimu kwa kompyuta, Surveybe, ambayo ilitumika hata nje ya Tanzania. Udodosaji Bukoba ukawa fani.

Utafiti huo una jambo moja linalowagusa wanafunzi moja kwa moja, nalo ni chungu kidogo. Wachumi walipolinganisha ndugu waliotoka katika nyumba moja, waliona kwamba matumizi ya waliohama kati ya mwaka 1991 na 2004 yalikua kwa takriban pointi 36 za asilimia zaidi ya matumizi ya waliobaki. Kwa maneno mengine, kuondoka kunalipa. Mkubwa anayesimama jukwaani na kuwaambia vijana warudi kujenga kwao, kisha anapanda ndege kurudi Dodoma, anapambana na hesabu hiyo. Haifai kuwadanganya wanafunzi. Wengi wao wataondoka, na watakuwa na sababu nzuri. Basi miaka ile mitatu au minne ya chuo, ambamo kijana bado hurudi nyumbani kila likizo na bado anajulikana kijijini kwa jina, ndiyo nafasi ambayo mkoa unayo. Ikipita, imepita.

Mfano wa pili uko Muleba peke yake. Kuanzia mwaka 2014, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Chuo Kikuu Kishiriki cha Tiba cha KCMC na chuo cha tiba za kitropiki cha London waliendesha wilayani humo jaribio la vyandarua. Mbu wa Muleba walikuwa wamezoea dawa ya kawaida ya vyandarua. Wakitua juu yake hawafi. Vijiji viligawanywa katika makundi 48. Baadhi ya makundi yalipewa vyandarua vya kawaida, mengine vyandarua vilivyoongezwa kemikali ya PBO inayovunja usugu wa mbu. Mwaka wa kwanza, vyandarua hivyo vipya vilipunguza maambukizi ya malaria kwa asilimia 44 vikilinganishwa na vile vya kawaida. Shirika la Afya Duniani lilipotoa pendekezo lake kuhusu vyandarua vya PBO mwaka 2017, lilikuwa na matokeo ya Muleba mkononi, na mwaka uliofuata yakachapishwa katika jarida la Lancet.

Nyuma ya asilimia hiyo kuna kazi za mikono: kutega mitego ya taa chumbani jioni na kuitegua alfajiri, kuhesabu mbu mmoja mmoja, kuchoma kidole cha mtoto anayelia, kuandika jina bila kukosea. Mwanafunzi wa baiolojia au wa maabara aliyewahi kufanya hayo kwa mwezi mmoja hahitaji kuelezwa tena tofauti ya utafiti na kunakili tasnifu ya mwenzake.

Wanafunzi wa sheria nao wana lao, na historia yake ni ya Muleba vilevile. Kashasha inajulikana duniani kwa kisa cha vicheko cha mwaka 1962, wasichana wa shule waliposhikwa na kicheko kisichozuilika hadi shule ikafungwa. Waliosoma sheria wanaijua kwa sababu nyingine. Katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha ndiko kulikofunguliwa kesi dhidi ya Holaria Pastory, mwanamke aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alitaka mauzo yabatilishwe: kwa mila za Kihaya zilizoandikwa, mwanamke angeweza kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, ila asiiuze. Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi mpwa. Mahakama ya Wilaya ikageuza. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akahitimisha kwamba baada ya haki za binadamu kuingizwa katika Katiba mwaka 1984, mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume.

Hukumu hiyo hufundishwa katika vyuo vya sheria nje ya Tanzania. Lakini kati ya hukumu na kibanja pana umbali. Migogoro ya mashamba ya ukoo haijaisha Kagera, na mjane asiyeijua hiyo kesi hana cha kujivunia nayo. Hapo ndipo mwanafunzi wa mwaka wa tatu anapofaa, akijua mipaka yake. Hawezi kumwakilisha mtu mahakamani. Anaweza kumsomea mama hati, kumpangia tarehe za matukio kwenye karatasi moja, kumweleza kwamba baraza la ardhi la kata, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, linasuluhisha na halitoi hukumu tena, kwa hiyo asikae miaka akisubiri hukumu kutoka hapo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, na mkoani Kagera mashirika kama MHOLA yamefanya kazi hiyo kwa miaka. Mwanafunzi ajiunge chini yao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kamati yake ya msaada wa kisheria tangu miaka ya 1960, kwa hiyo hakuna anayebuni jambo jipya hapa.

Wosia peke yake ungetosha kumshughulisha kijana likizo nzima. Wazee wanaogopa kuuandika kwa kudhani wanajiitia kifo. Watoto wanaogopa kuutaja kwa kudhani wataonekana wana haraka. Mjukuu anayesoma sheria, akiketi na babu baada ya chakula cha jioni, husikilizwa kuliko wakili wa kukodi.

Kuhusu migomba maneno hayahitaji kuwa mengi, kwa kuwa kila nyumba inayajua. Mnyauko wa bakteria uliingia Kagera mwaka 2006, na wenye vibanja waliona mikungu ikiiva kabla ya wakati, ikioza ndani, na usaha wa njano ukitoka shinani. Dawa ya kupuliza haipo. Kinachofanya kazi kinajulikana: kukata ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, kulipitisha panga motoni au kulisafisha kwa jiki kabla ya kuhamia mgomba mwingine, kuondoa shina lililougua. Kituo cha utafiti cha TARI kipo hapo Maruku, na wanafunzi wa kilimo wapo jirani. Shida ya mnyauko ni kwamba jirani mmoja mzembe hurudisha nyuma kazi ya majirani kumi. Elimu yake inataka mtu wa kupita nyumba kwa nyumba, arudi baada ya wiki mbili kuona kama panga linachomwa kweli, kisha arudi tena. Afisa ugani mmoja mwenye vijiji kadhaa hawezi. Vijana kumi wenye viatu vya mvua na usimamizi wanaweza.

Ipo pia hatari ya bidii isiyo na maarifa, na Bukoba imeiona kwa karibu. Machi 2023 watu wa Halmashauri ya Bukoba walianza kufariki kwa ugonjwa ambao kwa siku kadhaa haukuwa na jina. Tarehe 21 Machi serikali ilitangaza kuwa ni Marburg, kwa mara ya kwanza nchini. Waliougua walikuwa tisa, sita wakafariki. Watu zaidi ya 200 waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa, kila mmoja kwa siku 21, hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Ugonjwa wenyewe ukarudi mkoani Januari 2025, safari hii Biharamulo.

Katika siku kama hizo, mwanafunzi mwenye moyo wa kusaidia anaweza kuwa mzigo au hata hatari. Haendi kumwona mgonjwa. Hashiriki kuosha maiti kwa sababu tu marehemu alikuwa jirani mwema. Anayehitajika ni yule aliyefundishwa mapema: anajua kumpigia simu aliye karantini na kumuuliza joto la mwili, anajua kueleza kwa Kihaya kwa nini mazishi yanafanywa na timu maalumu, anajua kuukata uvumi katika kundi la WhatsApp la ukoo bila kumdhalilisha mjomba aliyeutuma. Ufuatiliaji wa namna hiyo ni ule ule wa wadodosaji wa mwaka 2004, ila sasa kosa moja linaua.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilisema jambo hilo hilo kwa namna yake. Lilikuwa na ukubwa wa 5.9, lilipiga Jumamosi alasiri, likaua watu 17 na kubomoa maelfu ya nyumba. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya, wanafunzi wakarudishwa makwao. Ihungo ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza. Tanzania Red Cross iliweza kutuma watu wa kujitolea kwa sababu ilikuwa nao wamesajiliwa na kufunzwa kabla ardhi haijatikisika. Kujiunga na Msalaba Mwekundu mjini Bukoba ni jambo la kujaza fomu na kuhudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza. Na mwanafunzi wa ujenzi wa VETA anayepita kijijini kwao akaonyesha kwa nini kuta za tofali zinahitaji mkanda wa zege, ule mafundi wanaouita lenta, ametoa msaada ambao hema la wahanga haliwezi kuutoa.

Anayedhani kwamba vijana hawa lazima waongozwe hatua kwa hatua na wakubwa, na asome habari za Nshamba. Huko, Ukimwi ulipoacha yatima wengi kuliko shangazi wa kuwapokea, mradi wa Humuliza uliosaidiwa na Waswisi uliwakusanya watoto ili wazungumze juu ya vifo vilivyowakuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijana hao wakaunda jumuiya yao wenyewe, Vijana Simama Imara. Hawakuwa na shahada. Wengi walikuwa na miaka kati ya 13 na 20. Walichagua viongozi, wakaweka akiba katika benki yao ndogo, wakalima pamoja, wakawasaidia wazee wasiojiweza kuchota maji na kutafuta kuni. Kazi hiyo ya Nshamba ndiyo iliyozaa pia Kwa Wazee, mradi ulioanza mwishoni mwa mwaka 2003 wa kuwapa pensheni bibi na babu wanaolea wajukuu, shilingi 6,000 kwa mwezi mwanzoni. Tathmini ya mradi huo ilipofanywa, ilionekana kwamba kiasi hicho kidogo kilibadilisha mlo, sabuni na viatu vya shule. Kurt Madörin, Mswisi aliyekuwa nyuma ya kazi hizo, alikuwa na tabia isiyo ya kawaida kwa wafadhili: aliwaachia vijana madaraka.

Mwanafunzi wa ustawi wa jamii, wa uhasibu, wa saikolojia, akifika Nshamba leo hafundishi. Anafundishwa.

Taifa limewahi kujaribu njia ya amri. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu mjini Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani karibu 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaamua kwamba anayetaka chuo kikuu afanye kazi kwanza. JKT ya mujibu wa sheria ilisitishwa mwaka 1994, ikarejeshwa mwaka 2013. Yapo mema katika historia hiyo, na wazee waliopita JKT huyasimulia kwa macho yanayong'aa. Ila amri ilihesabu miezi aliyokaa kijana kambini kuliko alichokifanya, na iliishia pale amri ilipoishia.

Majirani walichagua njia nyingine. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kiliwaingiza wanafunzi wake wa tiba vijijini tangu kilipopokea kundi la kwanza mwaka 1990. Makerere ikafuata mwaka 2003. Kule mwanafunzi wa udaktari hukaa katika kituo cha afya cha kijiji kama sehemu ya masomo, anasimamiwa na watu wa hapo, na anapewa maksi. Akizembea anafeli. Ni utaratibu mkavu, usio na nyimbo wala bendera, na unadumu. Kampasi ya Itahwa ingekuwa na busara kuutazama kabla ya kupanga ratiba zake, kwa kuwa Mutukula, mpakani na Uganda, haiko mbali.

Linabaki suala la fedha, ambalo makala za kuhimiza kujitolea hupenda kulikwepa. Nauli ya kutoka Bukoba mjini hadi kijijini Muleba na kurudi, kila siku, kwa wiki nane, mtoto wa mkulima wa kahawa haiwezi. Bodi ya Mikopo huwapa wanufaika wake fedha za mafunzo kwa vitendo, lakini anayejitolea nje ya fildi rasmi hana fungu. Yapo pia malalamiko ya walimu wa kujitolea nchini kote, waliojaza vipindi vya sayansi kwa miaka bila mshahara wakitumaini kukumbukwa ajira zikitangazwa. Kujitolea kwa wiki nane ni mafunzo. Kwa miaka mitatu, katika nafasi ambayo serikali ilipaswa kuajiri, ni unyonyaji, na jina zuri halibadilishi kitu. Ofisi isiyoweza kutoa nauli, chakula cha mchana na barua ya kueleza kilichofanyika haistahili kupewa mwanafunzi.

Upande wa wanafunzi nao una wa kulaumiwa. Zimezoeleka ziara za vikundi vya chuo: asubuhi fulana mpya zinagawanywa, soko linafagiliwa kwa saa moja, picha zinapigwa katika kila pembe, mchana basi linaondoka. Mto Kanoni unaopita katikati ya Bukoba umeona fulana za kila rangi. Takataka zake hurudi wiki inayofuata kwa kuwa hakuna aliyeuliza zinatoka mtaa gani, nani anakusanya ushuru wa taka na gari hupita siku gani. Wanafunzi watatu wa mazingira wakikaa Hamugembe na Kashai kwa mwezi mmoja, wakaandika majibu ya maswali hayo na kuyapeleka kwenye kikao cha kata, wangefanya zaidi ya mabasi manne ya wafagiaji.

Wapo ambao hawahitaji kuambiwa haya. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria mjini Bukoba wengi ni walimu, wauguzi na watendaji wanaosoma usiku na kufanya kazi mchana. Kwao "nje ya darasa" ndiko wanakoishi. Vyuo vya kutwa vingejifunza mengi kwa kuwaita kuzungumza.

Kwa mwenye nia, mlango si wa siri. Barua ya utambulisho ya chuo iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mtendaji wa kata, na itaje jambo moja tu ambalo mwanafunzi anaweza kulifanya. Anayesoma uhasibu aulizie ofisi ya maendeleo ya jamii: mikopo isiyo na riba ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na kikundi cha kina mama wa Kamachumu hukwamia kwenye andiko la mradi na daftari la mapato kuliko kwenye biashara yenyewe. Vyama vya msingi vya kahawa vina mahitaji hayo hayo ya daftari, hasa mahali ambapo butura, ile biashara ya kuuza kahawa ingali mtini, bado inamnong'oneza mkulima mwenye njaa. Anayesoma uandishi wa habari azifuate redio za Bukoba. Anayesoma ualimu aende visiwani; shule za Bumbile na Goziba ni za Muleba kama za Nshamba, ila msomi wa likizo ni nadra kuvuka maji.

Mkoa wenye watu 2,989,299 kwa sensa ya mwaka 2022 hauwezi kudai kwamba hauna kazi ya kumpa kijana aliyesoma. Ila mwanafunzi anayefika ofisini akaambiwa "njoo kesho" mara tatu hatakuja mara ya nne, na hakuna haki ya kumlaumu. Wakurugenzi wa Bukoba na Muleba, waganga wakuu wa wilaya, wakuu wa vituo vya utafiti na mameneja wa vyama vya ushirika wabandike tangazo kwenye mbao zao na kulisoma redioni mwezi mmoja kabla ya vyuo kufunga: kazi ni ipi, inachukua wiki ngapi, msimamizi ni nani na nauli ni kiasi gani.